Tundu la f/4 na Kiza cha Mandawa

Uamuzi ambao kampuni ya Canon iliutangaza Februari 2017, pamoja na kamera zake za EOS 800D na EOS 77D, wa kuistaafisha lenzi ya 18-55 iliyoanzia tundu la f/3.5 na kuirithisha nafasi yake lenzi ya masafa yale yale inayoanzia f/4, ulipita karibu bila kelele, labda kwa kuwa wahakiki wengi wa vifaa vya picha hufanya majaribio yao katika nyumba zenye taa za kutosha. Ukipimwa kutoka Mandawa, katika eneo la Ruangwa na Nachingwea mkoani Lindi, ambako mpigapicha wa shughuli hugawa kazi yake kati ya jua la utosini na vyumba vyenye taa moja ya sola, uamuzi huo ni kosa la wazi, na si kosa dogo kama tarakimu zake zinavyodanganya.

Lenzi ya zumu ya masafa ya kati ni ile ambayo urefu wake wa fokasi, yaani umbali kati ya kitovu cha lenzi na mahali inapojengeka taswira ya kitu kilicho mbali, huweza kubadilishwa kutoka upana wa kuingiza chumba kizima hadi ufinyu wa kuchukua kichwa na mabega ya mtu mmoja. Katika kamera za DSLR zenye kihisi-mwanga cha ukubwa wa APS-C, ambacho ni kidogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35, tarakimu hizo huzidishwa kwa 1.6 kwa Canon na 1.5 kwa Nikon ili kupata mwono uliozoeleka katika filamu, kwa hiyo 18-55 ya Canon hutazama kama 29-88. Ndiyo lenzi inayokuja na kamera ndani ya boksi, ndiyo lenzi ya kwanza ya mpigapicha karibu kila mmoja, na kwa wengi wa wilaya za kusini ndiyo ya kwanza na ya mwisho. Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo, kwani anayenunua lenzi ya pili huweza kurekebisha upungufu wa ile ya kwanza, lakini asiye na uwezo wa kuinunua hubaki na kile alichopimiwa kiwandani.

Alichopimiwa ni nini? Tarakimu ya f hupatikana kwa kugawa urefu wa fokasi kwa kipenyo cha tundu linaloingiza mwanga, na ndiyo sababu tarakimu ikikua tundu hupungua. Kwenye milimita 18, lenzi ya f/3.5 ina tundu la kipenyo cha takriban milimita 5.1, na ile ya f/4 ina tundu la milimita 4.5. Tofauti ya milimita 0.6 haimshtui mtu, lakini mwanga hupita kwa eneo la tundu wala si kwa kipenyo chake, na eneo hukua kwa mraba: mraba wa 3.5 ni 12.25, mraba wa 4 ni 16, na uwiano wa namba hizo mbili unaonyesha kwamba karibu asilimia 23 ya mwanga imeachwa nje ya kamera. Mafundi huiita hasara hiyo theluthi ya stopu, stopu ikiwa ni kipimo cha kuongeza mwanga maradufu au kuupunguza kwa nusu, na neno theluthi hulifanya jambo lisikike jepesi. Mkulima wa korosho wa Ruangwa, ambaye amepigana kwa miaka mingi na wanunuzi wa kangomba wanaopimia mali yake kwa bakuli badala ya mizani, angelielewa jambo hili mara moja bila ya kufundishwa hesabu, maana robo ya kilo ikipotea katika kila kilo hakuna anayeiita theluthi ya chochote.

Kilichopatikana kwa hasara hiyo ni udogo. Lenzi ya mwaka 2013, ile ya f/3.5-5.6 yenye mota ya fokasi ya aina ya STM, ilikuwa na urefu wa milimita 75 na uzito wa gramu 205. Ya mwaka 2017 ina urefu wa takriban milimita 62 ikiwa imekunjwa, na uzito wa gramu 215. Msomaji hana haja ya kusoma mara mbili: lenzi iliyopunguziwa tundu ili iwe ndogo imeongezeka uzito. Milimita 13 zilizookolewa huonekana tu wakati kamera imelala mkobani, kwa kuwa katika kupiga picha lenzi hurefuka inavyohitaji, na hakuna mpigapicha wa Mandawa, wala wa mahali pengine popote, aliyewahi kukosa kazi kwa sababu lenzi yake ya 18-55 haikuenea mfukoni. Kama hoja ilikuwa ni udogo, Canon yenyewe ilikwisha kuijibu mwaka 2014 ilipotoa lenzi ya EF-S 24mm f/2.8 STM, isiyo ya zumu, yenye unene wa milimita 23 na uzito wa gramu 125, ambayo huingiza mwanga mara mbili ya lenzi mpya na bado ni nyembamba kuliko nusu yake. Waliotaka kamera ndogo walikuwa wameshahudumiwa. Waliobaki ni wale waliohitaji mwanga, nao ndio waliokatwa.

Utetezi wa kwanza wa uamuzi huo una ukweli ndani yake, nao unapaswa kuelezwa kwa haki. Lenzi ya zamani ilikuwa na f/3.5 kwenye mwisho wake mpana tu, na ilipovutwa kidogo kuelekea mbele tundu lake lilianza kujibana, hivi kwamba kwa sehemu kubwa ya masafa yake lenzi hizo mbili hazikuachana sana, na kwenye milimita 55 zote mbili ziko f/5.6. Utetezi huu, hata hivyo, unasahau kuuliza ni wapi mwisho mpana hutumika. Nje, mchana, kwenye mnada wa korosho au katika uwanja wa Majaliwa siku timu ya soka ya Namungo inapocheza, mwisho mpana ni wa kuonyesha umati na anga, na huko mwanga ni mwingi kiasi kwamba mpigapicha hufunga tundu hadi f/8 kwa hiari yake. Ndani ndiko mwisho mpana unakokuwa wa lazima, kwa sababu ukuta wa nyuma humzuia mpigapicha kurudi hatua nyingine, na ndani ndiko kwenye kiza. Kwa hiyo urefu wa fokasi uliopokonywa mwanga ndio ule ule unaotumika penye upungufu wa mwanga, na ule unaotumika juani ukaachwa kama ulivyokuwa. Ni vigumu kufikiri njia mbaya zaidi ya kugawa hasara.

Ichukuliwe hali ya kawaida ya usiku wa shughuli, chumba kikiwa na mwanga wa luksi 50 hivi, ambao ni wa taa nzuri ya sola iliyoning'inizwa katikati, na ISO, yaani kiwango cha wepesi wa kihisi-mwanga kuupokea mwanga, ikiwa imepandishwa hadi 3200, kiwango ambacho kamera za daraja hilo hukivumilia bila chengachenga kuzidi. Kwa f/2.8 kasi ya shata inayohitajika, yaani muda ambao mwanga huruhusiwa kuingia, ni takriban sehemu ya 80 ya sekunde, kwa f/3.5 ni sehemu ya 50; kwa f/4 ni sehemu ya 40; na kwa f/5.6 ni sehemu ya 20. Bibi aliyekaa kimya mkekani huweza kupigwa kwa sehemu ya 40, lakini mtu anayezungumza, anayegeuka, anayepiga vigelegele au anayepokea zawadi huanza kuwa ukungu hapo, na sehemu ya 50 ni moja ya ngazi ambazo wapigapicha wa arusi huzipigania kwa meno. Anayevuta lenzi hadi milimita 55 ili apate uso wa mwali peke yake ameshuka hadi sehemu ya 20, na hapo picha imekwisha.

Utetezi wa pili ndio unaochosha zaidi, kwa kuwa umerudiwa kila mwaka tangu vidhibiti-mtikisiko vilipoenea. Kidhibiti-mtikisiko ni kikundi cha vioo ndani ya lenzi kinachosogezwa na mota kinyume na mtetemo wa mkono, ili taswira itulie juu ya kihisi-mwanga ingawa mkono haukutulia. Lenzi ya mwaka 2017 inacho, nacho kinatajwa kuwa na nguvu ya stopu 4, na watetezi husema kwamba anayepewa stopu 4 hana haki ya kulalamikia theluthi moja. Hoja hiyo inachanganya mitikisiko miwili isiyohusiana. Kidhibiti huutuliza mkono wa mpigapicha, lakini hakina uwezo wowote juu ya mguu wa mcheza ngoma. Huku Ruangwa na Nachingwea, katika eneo la Wamwera, shughuli zinazolipa, ambazo ndizo humweka mpigapicha mjini, ni za watu wanaotembea na kucheza: arusi, maulidi, kipaimara, na siku ya kuwatoa wali baada ya jando na unyago, ambayo ndiyo sehemu pekee ya mafunzo hayo inayofaa kuonwa na kamera, kwani ya ndani hubaki ndani. Hapo kasi ya shata ndiyo inayosimamisha mwendo, na kasi ya shata hununuliwa kwa tundu au kwa ISO tu, wala si kwa vioo vinavyocheza.

Inabaki hoja ya ISO, kwamba kamera mpya huona gizani kuliko za zamani, kwa hiyo tundu si kitu tena. Mwenye kamera mpya atafaidika, bila shaka, lakini faida hiyo ilikuwa mali yake mwenyewe tangu alipoilipia kamera, na haielezwi kwa nini inyang'anywe upande wa lenzi. Kinachokera zaidi ni kwamba kamera zile zile mbili zilizotangazwa siku moja na lenzi hii, 800D na 77D, zilipewa mfumo wa fokasi wenye pointi 45, na pointi ya katikati ikatengenezwa ili ipime kwa usahihi wa ziada pale lenzi inapokuwa na tundu la f/2.8 au kubwa kuliko hilo. Idara moja ilikuwa ikijenga mlango wa kupokea mwanga zaidi wakati idara nyingine ikipunguza mwanga unaofika mlangoni. Kwamba mwisho wa mbele ulibaki f/5.6 na haukushushwa zaidi hakukutokana na ukarimu, kwa maana pointi za fokasi za kamera hizo kwa kawaida huhitaji angalau f/5.6 ili zifanye kazi. Palipokuwa na kizuizi cha kiufundi tundu lilisalimika, na pasipokuwa na kizuizi likakatwa.

Kwa kuitendea haki lenzi hii, mota yake ya STM ni nzuri na kimya, ukali wa picha unaridhisha, na fokasi ya karibu ya sentimita 25 inafaa.

Historia, hata hivyo, inafanya uamuzi wa kupunguza tundu uonekane mbaya zaidi. Lenzi ya kwanza ya zumu kuuzwa kwa kamera za picha za milimita 35 ilikuwa Voigtländer Zoomar ya mwaka 1959, iliyobuniwa na Frank Back, yenye masafa ya milimita 36 hadi 82 na tundu la f/2.8 ambalo halikubadilika kutoka mwanzo hadi mwisho wa masafa. Miaka 4 baadaye Nikon ilitoa 43-86 yenye f/3.5 isiyobadilika, lenzi iliyosemwa vibaya kwa kupinda mistari, na lawama hizo zilikuwa za haki, lakini hata hiyo iliyodharauliwa humpa mpigapicha kwenye milimita 86 tundu kubwa kuliko lile ambalo Canon ya mwaka 2017 inalitoa kwenye milimita 18. Canon yenyewe ililishika f/3.5 kwenye 18-55 tangu toleo la kwanza lililokuja na EOS 300D mwaka 2003, ikaliheshimu katika matoleo yote yaliyofuata kwa miaka 14, kisha ikaliacha.

Wapigapicha wa habari Mohamed Amin, aliyekulia Dar es Salaam na kuianzisha kampuni ya picha ya Camerapix huko mwaka 1963, na Priya Ramrakha wa Nairobi, aliyeuawa Biafra mwaka 1968, walifanya kazi katika enzi ambayo filamu ya ISO 400 ilihesabiwa kuwa ya kasi, na wapigapicha wa habari walizunguka na lenzi zisizo za zumu zenye matundu ya f/2.8 na f/2 kama jambo la kawaida lisilohitaji kujadiliwa. Amin aliupoteza mkono wa kushoto Addis Ababa mwaka 1991, mkono ambao kwa kila mpigapicha ndio unaoishika lenzi, na akarudi kazini na mkono wa bandia. Kuzitazama picha za kizazi hicho na kisha kusoma tangazo linalosifu wepesi wa kubeba kunamwacha msomaji akijiuliza ni nani hasa aliyelalamikia mzigo.

Yapo na makosa mengine ambayo safu hii imeshayasema na ambayo kampuni hazionyeshi dalili ya kuyasikia. Canon huendelea kuuza lenzi zisizo za daraja lake la juu la L bila ya kikinga jua, ile pete ya plastiki inayozuia mwanga wa pembeni usiingie kiooni, ingawa gharama yake ni ndogo. Mandawa iko karibu na nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, hivi kwamba jua la saa sita hufika utosini kabisa karibu na wiki ya tatu ya Oktoba, msimu wa korosho unapoanza, na tena katika wiki ya nne ya Februari. Saa mbili au tatu baadaye, linapoanza kushuka upande, ndipo kikinga jua kinapohitajika zaidi, nacho hakimo bokisini. Nikon nayo haina haki ya kucheka. Lenzi yake ya 18-55 ya mwaka 2016, ya aina ya AF-P, ilibakisha f/3.5, jambo la kupongezwa, lakini iliondoa swichi ya kidhibiti-mtikisiko kwenye mwili wa lenzi na kuipeleka kwenye menyu, na haifanyi fokasi kabisa kwenye kamera za zamani kama D90, D80, D60 na D3000, ambazo ndizo zinazozunguka katika soko la mitumba. Kijana wa Nachingwea anayeinunua lenzi hiyo kwa ajili ya D90 ya kaka yake amenunua kipande cha mapambo.

Kwa anayechagua leo, masharti yanayofaa mazingira hayo ni machache na yamepangwa kwa uzito: tundu kwanza, mwisho mpana pili, vumbi tatu, na kidhibiti-mtikisiko nyuma ya hayo yote. Zumu yenye f/2.8 isiyobadilika kwa kihisi-mwanga cha APS-C huingiza kwenye milimita 50 hivi mwanga mara nne ya 18-55 iliyo kwenye f/5.6, tofauti ambayo katika chumba kile kile cha luksi 50 huitoa shata kutoka sehemu ya 20 hadi sehemu ya 80 ya sekunde. Tamron 17-50 f/2.8 ya mwaka 2006, isiyo na kidhibiti, ndiyo nyepesi kuliko nyingine, na ukali wake umewaaibisha wengi wa bei kubwa. Mota yake hupiga kelele, na kelele hiyo haidhuru picha. Sigma 17-50 f/2.8 ya mwaka 2010 inacho kidhibiti na mota tulivu zaidi. Canon EF-S 17-55 f/2.8 ya mwaka 2006 ndiyo bora kwa fokasi, lakini ina sifa mbaya ya kuvuta vumbi ndani, na yeyote aliyepita barabara za Ruangwa mwezi Septemba anajua vumbi jekundu linavyoingia hata mahali pasipo na tundu. Zumu yoyote inayorefuka hupumua, kwani nafasi ya ndani ikiongezeka hewa huingia, na hewa huja na ilichobeba; kichujio cha mbele hupunguza tatizo bila ya kulimaliza. Kwa mwenye kutaka upana kuliko tundu, Canon 15-85 ya mwaka 2009 na Nikon 16-80 f/2.8-4 ya mwaka 2015 hutazama kama 24 ya filamu, na milimita hizo chache za upana ndani ya chumba ni ukuta mzima.

Wenye kihisi-mwanga kikubwa wana habari yao. Canon 24-70 f/2.8L ya mwaka 2002 ilijengwa ili irefuke inaporudishwa kwenye upana na ifupike inapovutwa mbele, huku kikinga jua kikiwa kimefungwa kwenye sehemu isiyosogea, hivi kwamba kioo kilijificha ndani ya kikinga chake kwa kiasi kinachofaa kila urefu wa fokasi. Ni ubunifu wa akili nyingi, na toleo la pili la mwaka 2012 liliutupa ili kuteremsha uzito kutoka gramu 950 hadi 805, na likatoka bila kidhibiti katika mwaka ule ule ambao Tamron ilikiweka kwenye 24-70 f/2.8 yake. Toleo la pili ni kali zaidi, hilo halina ubishi.

Anayenunua mitumba Kariakoo aivute lenzi mara kadhaa kutoka mwanzo hadi mwisho, aielekeze chini aone kama inajishusha yenyewe, aimulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma ili auone ukungu na vumbi, na apige picha kwenye tundu kubwa kabisa akitazama pembe zote nne, kwa sababu lenzi iliyoanguka huwa kali upande mmoja na laini upande mwingine. Mikwaruzo midogo kwenye kioo cha mbele inatisha kuliko inavyodhuru, na mara nyingi ndiyo inayoteremsha bei.

Kuhusu Canon, kilichofuata hakikuwa toba. Mwaka 2018 ilitoa EOS 4000D yenye kiungo cha lenzi cha plastiki, na mara nyingi ikaiuza pamoja na 18-55 ya toleo la tatu, ambayo inayo f/3.5 lakini haina kidhibiti, kana kwamba mnunuzi wa bei ya chini lazima akose kimoja kati ya hivyo viwili. Mwaka 2022, ilipoleta kamera za R10 na R7 zisizo na kioo cha kuakisi, lenzi mpya ya bokisini ikawa RF-S 18-45 yenye f/4.5-6.3, fupi kuliko ile ya 2017 kwa milimita 10 za masafa na yenye tundu dogo kuliko lake kwenye miisho yote miwili.